Paka Kwenye Mizani ya Pamba

Wifi yangu Mbuke hakuwa mtu wa maneno. Mimi ninayo ya kutosha na ya kuwagawia majirani, na watu wa kwetu walizoea kusema kwamba Bujiku amejaliwa mke mwenye mdomo na dada mwenye masikio. Sikuwahi kukasirika, maana ni kweli. Lakini leo nataka kumsema Mbuke, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kujisema, na mtu akinyamaza namna ile maisha yake yote watu humsahau upesi.

Nianze na mizani, kwa sababu bila mizani hakuna habari. Miaka ile ya hamsini na kitu wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi. Unafika na mzigo uliokupinda shingo tangu alfajiri, karani anautupa juu, anauondoa kabla mkono wa mizani haujatulia, halafu anakutajia namba aliyoipenda yeye. Ukiuliza, unaambiwa pamba yako ina mchanga. Basi wakulima wa upande wetu, mbele kidogo ya Maganzo, wakachangishana, wakanunua mizani yao wenyewe, wakamweka mume wangu Bujiku aisimamie pembeni ya ile ya mnunuzi. Walimchagua kwa kuwa alikuwa amesoma kidogo na alikuwa na sauti. Kazi yake ilikuwa kupima na kuutaja uzito kwa nguvu, mwenye pamba asikie, na yule wa mwisho kwenye mstari asikie pia. Bujiku aliishika kazi ile kama dini. Alikuwa akisema uzito unaotajwa kwa kunong'ona ni uzito ulioibiwa.

Msimu wa pamba ukiisha, mizani ilihamia kwangu. Ghala halikuwa na mlango wa kuaminika, na watu walihofu mwenye nia mbaya angeingia akaichezea. Kwa hiyo ikakaa ndani, ukutani, mahali ambapo mwanamke mwingine angeweka kabati la vyombo. Ilikuwa ile ya kusimama, ubao wa chuma chini, nguzo, na juu mkono wa shaba wenye kijiwe cha kusogeza. Vidole vyangu vya miguu viliifahamu vizuri. Nililalamika sana, na Bujiku alinisikiliza sana, na mizani ikabaki palepale.

Mbuke alikuwa na nyumba yake ndani ya boma letu. Mumewe, Mihayo, alikuwa mgodini Geita akichimba dhahabu, na binti yao mmoja tu, Mageni, ameolewa Mwakitolyo. Mwanamke akibaki peke yake namna hiyo hurudi karibu na kaka yake, na hakuna aliyeona ajabu. Alilima shamba lake, akakausha michembe yake ya viazi vitamu, akakamua ng'ombe wake wawili, na kila baada ya miezi mingi Mihayo alikuja kwa lori, akakaa kidogo, akaondoka.

Mwaka ule alikuja mwanzoni mwa mvua, na safari hii hakuondoka. Alishuka kwenye lori amevaa koti zito la mgodini, joto lote lile, na chini ya kwapa amebeba sanduku la mbao lililotobolewa matundu. Alisema shimo lao limefungwa kwa muda, wataitwa tena. Alikuwa akikohoa. Alisema ni vumbi, litaisha. Alikuwa amekonda pia, nasi tukasema ni uchovu wa safari, kama watu wanavyosema wasipotaka kusema jingine.

Mle sandukuni mlikuwa na sungura. Naomba nieleweke: kwetu sungura ni mnyama wa kuwindwa na vijana wakati wa kuchoma majani, au ni yule mjanja wa kwenye ngano anayemponza fisi. Sungura wa kufugwa, mweupe, wa kukunwa masikio na mwanaume mzima, sikuwa nimemwona. Mihayo alikuwa amewapata kwa rafiki yake wa mgodini, Kalisti, Msumbwa wa Ushirombo, ambaye alikulia misheni akiwatunzia mapadri sungura wao. Kalisti ndiye aliyemfundisha kwamba sungura hupimwa kila Jumapili baada ya misa. Mnyama mdogo, alisema, hasemi kwamba anaumwa, wala haonyeshi. Anajificha, kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa ndiye huliwa kwanza. Atakula mbele yako, atatikisa masikio, na kesho utamkuta amekauka. Lakini kwenye mizani hawezi kujificha. Uzito hupungua kabla manyoya hayajasema kitu.

Jumapili ya kwanza nilirudi kanisani nikakuta sungura wamepangwa kwenye kapu juu ya mizani ya wakulima, Bujiku anasogeza kijiwe, Mihayo amechuchumaa anawatuliza. Nilisema yangu yote. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa sauti, na kiumbe hai kinachopandishwa kwenye mizani ni kile kinachokwenda kwa mchinjaji. Nikawaambia watu waliochanga watasemaje. Hata sijamaliza, Mzee Jilala, jirani yetu, akapita mlangoni, akatusalimu mwangaluka yake ya kila siku, akatazama kapu, akauliza ratili moja ni shilingi ngapi. Mihayo alichukia kweli. Akamjibu kwa adabu kwamba hawauzwi, na Mzee Jilala akaondoka akiamini tumeshapanga bei na wengine.

Baada ya siku hiyo nilikuwa nimejiandaa kuwacheka kila Jumapili, lakini sungura mmoja aliniharibia mzaha. Alikuwa jike, mnene, mchangamfu, analifuata kila jani la mhogo. Bujiku akapima, akasema amepungua. Mimi nikasema mizani imekosea. Mihayo hakubishana, alimpindua mapajani, akamfungua mdomo, akatuonyesha meno ya mbele yamerefuka yakapindana, hata jani aliloling'ata alikuwa akilitafuna bila kulimeza. Akayakata kwa koleo dogo, taratibu, akimsemesha kwa Kisukuma kama mtoto mchanga, akaanza kumpa vijiti vikavu vya kuguguna. Jumapili zilizofuata uzito ukarudi. Mbuke alikuwa amesimama mlangoni wakati wote ule, mikono nyuma, anatazama. Nilidhani anatazama sungura.

Nimseme na Karani. Karani alikuwa paka wangu, dume wa kijivu, wa kulinda ghala dhidi ya panya. Nilimpa jina hilo kwa sababu alipenda kukaa juu ya magunia akiwatazama wengine wakifanya kazi. Tangu Mihayo arudi, paka yule alinihama. Alilala juu ya koti la Mihayo, akamfuata chooni, akamngojea nje. Na Mihayo, akishaanza kupenda kitu, alitaka kukipima. Akasema Karani naye apandishwe Jumapili.

Kapu Karani alilikataa. Alimparura Bujiku mkononi, akamparura Mbuke shavuni, mimi sikujaribu. Kutulia muda wa kupimwa alitulia mikononi mwa Mihayo tu; sisi wengine alituvumilia kwa dakika moja. Bujiku akasema jambo ni jepesi: shemeji apande na paka, tupime, kisha amkabidhi Mbuke paka huku yeye amesimama palepale, tupime tena, kinachopungua ndicho paka.

Mihayo akarudi nyuma. Alisema amepimwa vya kutosha maishani mwake. Mgodini kila mwaka walipangwa mstari bila nguo isipokuwa za ndani, wakapandishwa mmoja mmoja mbele ya daktari, namba ikaandikwa, wala mwenye mwili haambiwi. Aliapa kwamba akitoka pale hatapanda tena. Sauti yake ilikuwa imebadilika, hata mimi nilinyamaza.

Bujiku alifikiri, kisha akatabasamu. Alimwambia kwamba kwenye pamba kuna kitu kinapimwa na hakitajwi kamwe, nacho ni gunia tupu. Unalipima ili ulitoe, basi, hakuna anayeuliza. Siku hiyo Mihayo angekuwa gunia. Uzito wa gunia hausomwi. Mihayo alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta, halafu akapanda, koti mwilini na paka kifuani, uso mlangoni na mgongo kwenye mkono wa mizani. Bujiku akatangaza kwa sauti yake ya sokoni kwamba Karani ana ratili saba. Tukapiga makofi. Ikawa desturi.

Miezi ikapita hivyo, na ilikuwa miezi mizuri, nisiseme uongo. Mvua ilinyesha kwa mpango. Mihayo alipalilia kidogo asubuhi, akatengeneza banda la sungura, akawapa majirani watoto wa sungura huku akiwaapisha kwamba hawatawala, na wengine kweli hawakuwala. Chakula alikula nyumbani kwake peke yake. Wanaume wengine walikula pamoja kwenye moto wa uani, lakini yeye alisema moshi unamkereketa, tena mwanaume anayekaa ukweni si vizuri aonekane akichota kila bakuli. Mbuke alimpelekea ugali wa mtama, mboga, nyama ikipatikana, maziwa ya mgando, na vyombo vilirudi vyeupe. Nilimtania wifi kwamba amemnenepesha mtu. Mihayo mwenyewe alijipigapiga koti tumboni, akasema mpishi wake hana mwenzake.

Jumapili moja baada ya kupima, Bujiku alikwenda kukaa chini ya mwembe wake wa pembeni ya zizi, hakuongea. Si kawaida yake. Kesho yake tukiwa tunapalilia, akasimamisha jembe akaniambia kwamba shemeji anapungua. Si kidogo. Kila wiki anapungua. Nikamwambia amwambie basi. Akasema aliahidi uzito wa gunia hausomwi, na neno ni neno. Nikamuuliza inakuwaje yeye ambaye amegombana na makarani wa wanunuzi mpaka akatishiwa polisi kwa ajili ya ratili tatu za pamba ya Mzee Jilala, leo anamfichia mtu mwili wake mwenyewe. Akarudisha jembe ardhini. Nilimwona amesononeka, na nilijuta kidogo, lakini si sana.

Tuliamua tusimwambie Mbuke. Tulijiona wenye busara. Kumbe Mbuke alikuwa amejua kabla yetu.

Hakujua kusoma namba. Lakini kila Jumapili alisimama nyuma ya Bujiku kumpokea paka, na kile kijiwe alikiona. Mara ya kwanza, paka alipotolewa, kijiwe kilikaa mbali, karibu na ncha ya mkono. Wiki kwa wiki kikawa kinarudi kwenye nguzo. Hakuhitaji mtu amsomee. Alikuja kwangu siku moja napepeta mtama, akachukua ungo wa pili, akapepeta nami, kisha akaniuliza Karani ninampa chakula gani.

Nikamwambia simpi chochote, paka wa siku hizi ni wake. Akasema Karani alikuwa ratili saba na sasa ni tisa. Akasema panya hawamnenepeshi paka hivyo. Aliendelea kupepeta. Mimi, mwenye maneno mengi, nilichelewa kuelewa, na nilipoelewa mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Ile nyama, ule ugali, yale maziwa, vyote vilikuwa vinakwenda kwa paka. Mtu hawezi kumeza, hataki mkewe aone chombo kimerudi na chakula, anamwita Karani. Nilisema hapohapo tuende tumwambie. Mbuke akakataa. Alisema akiulizwa atakana, na akishakana mara moja itambidi aendelee kukana mpaka mwisho. Aliniomba kitu kimoja tu, nimfungie Karani ghalani kwangu kwa wiki moja.

Wiki hiyohiyo ndiyo habari ikaja. Dereva wa lori alileta salamu za Kalisti: kuna mtu amefungua machimbo madogo huko Geita, anatafuta watu waliozoea shimo, na kazi inaanza mara moja. Lori litapita Maganzo Jumanne. Mihayo alibadilika, akachangamka kama kijana. Akaanza kunoa vitu vyake, akamwelekeza Bujiku habari za sungura, nani asichanganywe na nani, majani gani yasilishwe yakiwa na umande. Mbuke alimfulia mashati yake mawili, akayaanika. Niliyatazama mashati yale kwenye kamba na nilichukia kila mtu, kuanzia dereva.

Kila siku Mihayo alikuja kwangu kumuulizia Karani. Nilimwambia panya wamezidi ghalani, namhitaji. Hakuwa mtu wa kugombana na wifi wa mkewe, maana mimi ndiye niliyekuwa mwenye nyumba, basi alichungulia tu kwenye upenyo wa mlango, akamwita, akaondoka. Vyombo vya Mbuke vilianza kurudi na chakula. Siku ya kwanza Mihayo alisema ameshiba miwa shambani. Siku ya pili alisema tumbo. Baadaye aliviweka tu mlangoni na kuvifunika kwa ungo.

Jumapili ikafika. Tulikuwa wanne tu ndani, na mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo, mwanga ukiingia vizuri mlangoni. Sungura walipimwa, wote wazima. Nikamleta Karani. Mihayo alimpokea kwa mikono miwili, akapanda, mgongo kwenye mizani kama siku zote. Bujiku akasogeza kijiwe. Mbuke akampokea paka. Bujiku akasogeza tena.

"Ratili nane," akasema.

Mihayo aligeuza shingo. Akamwambia apime upya. Wakapima upya, ikawa ileile. Akamchukua paka palepale alipokuwa amesimama juu ya ubao, akampapasa mbavu, akamfungua mdomo, akamwangalia fizi na macho. Uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli, na nakwambia, nilimhurumia, maana alimpenda paka yule bila hila yoyote.

"Huyu anaumwa," akasema. "Ratili nzima kwa wiki moja. Shemeji, mimi naondoka keshokutwa, msimwangalie tu mkasema atapona. Anayepungua hangojwi."

"Haumwi," Mbuke akasema.

Mihayo akasema mizani haisemi uongo.

"Haumwi, Baba Mageni. Nilimwomba wifi amfungie. Wiki nzima amekula panya peke yake. Kabla ya hapo alikuwa anakula panya na chakula chako."

Mihayo hakusogea. Alikuwa ametugeuzia mgongo, na koti lile lilimfanya aonekane mpana, kwa hiyo hatukuona kitu isipokuwa masikio ya paka begani mwake. Mbuke akasogea mpaka akasimama mbele yake, mlangoni. Nilikuwa nimeishi naye boma moja miaka mingi, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kama aliyoyasema pale.

"Sijui kusoma, lakini kijiwe nimekiona. Kila Jumapili kinarudi nyuma. Nimekifuatilia tangu umekuja, na kila Jumapili nimeogopa. Sikukuuliza, kwa sababu ungenicheka ukajipigapiga koti. Ukipanda lori Jumanne, sitakuona tena, nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Watanirudishia koti. Mimi sitaki kurudishiwa koti."

Wazee husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa nao mdomoni msemo huo, na kwa mara ya kwanza maishani niliumeza.

Mihayo alimkuna paka shingoni. Kisha akasema, akimwambia Mbuke peke yake, kwamba shimo lao halikufungwa. Walimpima, daktari akatikisa kichwa, wakamwambia arudi kwao. Alitumaini atakaa kidogo, atanenepa kwa chakula cha nyumbani, halafu arudi kazini bila mtu kujua. Lakini chakula kilikataa kushuka. Na kwenye hayo machimbo mapya, Kalisti alimwambia, hawapimi mtu. Ndiyo maana aliyataka. Alisema ana haya. Mwanaume analishwa ukweni, na hata kula hawezi.

Mbuke akamwambia kwamba hakuna aliyemhesabia matonge.

Mihayo bado alikuwa amesimama juu ya ubao. Nilitegemea atashuka atoke nje, kama wanavyofanya wanaume wakishasema jambo kubwa. Hakushuka. Alimpa mkewe paka. Akavua lile koti, akanipa mimi, na lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia. Mabega yaliyobaki chini yake yalikuwa ya mtoto. Nilitazama pembeni.

"Shemeji," akasema. "Soma na la gunia."

Bujiku alisogeza kijiwe, maana bila koti kilihitaji kusogezwa tena. Akasubiri mkono utulie, kama anavyosubiri siku zote. Kisha akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ileile ya sokoni, ya kumfikia wa mwisho kwenye mstari, ingawa ndani tulikuwa wanne tu.

"Ratili mia na kumi na mbili."

Mihayo akauliza siku ya kwanza alikuwa ngapi. Bujiku akasema mia na thelathini na nane, na koti. Karani alijinyoosha mikononi mwa Mbuke akaruka chini akaenda zake. Mihayo alishuka polepole, mguu mmoja, kisha mwingine, akakaa kwenye kigoda, na Mbuke akakaa chini pembeni yake, mabega yao yakigusana, jambo ambalo watu wa umri wao hawakulifanya mbele za watu.

Lori la Jumanne lilipita bila yeye. Jumatano walipanda jingine, la kwenda mjini Shinyanga, na kutoka pale wakafika hospitali ya misheni. Daktari aliwaambia kifuani mna vitu viwili. Kimoja ni vumbi la mawe, hilo likishaingia halitoki, ataishi nalo. Cha pili ni kifua kikuu, na hicho sasa kina sindano, ila ni za kila siku na za miezi mingi, na mgonjwa atakaa wodini mpaka ziishe. Wangechelewa zaidi, alisema, asingekuwa na mtu wa kumchoma. Mihayo akabaki. Mbuke akarudi peke yake, akalima mashamba yote mawili, lake na lile alilokuwa akipalilia mumewe, na sungura akawapima yeye, Bujiku akisoma.

Kila baada ya muda alifunga safari kumwona. Mara moja nilimsindikiza, kwa kuwa nilitaka kujionea, tena nilikuwa nimechoka kuhadithiwa kwa maneno matatu. Wagonjwa wa kifua walikaa jengo la peke yao pembeni, na wageni hawakuruhusiwa kuingia, unasimama uani mbali na dirisha. Mbuke alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando kichwani safari nzima, hakuniachia hata nimpokee. Muuguzi alikichukua akampelekea.

Mihayo alikuja dirishani. Alikuwa bado mwembamba, usifikiri vingine, lakini alikuwa amesimama wima. Hata kabla hatujasalimiana, alipaza sauti kutoka kule ndani, mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

"Mama Mageni, wamenipima leo. Nimeongezeka ratili mbili."

Mbuke aliyesikia habari za daktari bila kupepesa jicho, aliyepalilia mashamba mawili bila kulalamika, alikaa chini pale uani kwenye vumbi, akalia. Alilia kwa sauti, mkono mdomoni, na mimi niliyekuja na maneno yangu yote nilikaa naye chini nikalia pia, nikiwa na kanga yangu mpya. Mihayo alitungoja. Tulipoinua nyuso alikuwa amekishika kibuyu. Akakiinua, akanywa taratibu, akipumzika, akiendelea, akimtazama mkewe muda wote, mpaka maziwa yakaisha. Kisha akakipindua kibuyu nje ya dirisha, ili aone kwamba hakina kitu.